Je, wajua kwa nini Tomcat (seva ya programu za wavuti za Java) ukiiwasha kwa mkono inakaa, ukiiachia systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) inakufa?

Umeme ukizimika hapa Chake Chake kisha ukarudi, seva inajiwasha yenyewe, lakini programu ya skuli iliyo juu ya Tomcat haifunguki mpaka mtu aende akaandike startup.sh kwa mkono. Mimi nkaona dawa ni ndogo, ileile startup.sh naiweka kwenye faili la huduma la systemd, basi. Nkawasha, ikasema imewaka, sekunde mbili ishazima, logi haina kosa la kueleweka. Nkailaumu Linux miezi.

Kosa lilikuwa langu, na wengi naona wanakosea hapohapo: tunadhani startup.sh ndo Tomcat. Siyo. Tomcat ni programu ya Java, startup.sh ni kijiskripti tu kinachoita catalina.sh start, na hiyo start inaiacha Java ikienda kwa nyuma halafu skripti yenyewe inamaliza, inaondoka. Alokaa mbele ya skrini anafurahi mana karudishiwa terminali yake, ila systemd hailielewi jambo hili hata kidogo.

Chukulia shamba la karafuu. Msimamizi asubuhi kaandika jina la baba, baba kampandisha mwanawe mtini, yeye karudi zake nyumbani. Msimamizi anamjua alomwandika tu, akimuona kaondoka anafunga hesabu, na yule mtoto anateremshwa pishi haijajaa. Na systemd ni vivyo hivyo, prosesi (programu inayokwenda) iliyowashwa na systemd ikimalizika huduma imekwisha, na watoto walobaki kwenye kundi lake wote wanauliwa. Basi alieandikwa apande mwenyewe: kwenye faili la huduma weka catalina.sh run, hapo Java inashika nafasi ya skripti, namba ya prosesi ni ileile. Type=forking (kuiambia systemd kuwa skripti itaondoka, mtoto atabaki) nayo inawezekana, ila ni bora uitunzie faili la namba ya mtoto.

Ndo mana pakeji ya Tomcat ya Debian (aina moja ya Linux) haiiti startup.sh, ina skripti yake inayoishia na run. Kwenye faili lake la huduma mna mstari SuccessExitStatus=143, na huu naupenda kweli: ukizima huduma, systemd inatuma ishara namba 15, Java inafunga vizuri lakini inarudisha namba 128 jumlisha 15, yaani 143, bila ya mstari huo kila ukizima unaandikiwa imefeli.

Kama ulishaiwasha kwa mkono ukiwa root (mtumiaji mkuu), kabla ya kuhamia kwenye huduma angalia folda ya logi, mafaili yatakuwa ya root na mtumiaji tomcat hataweza kuyaandika, mrudishie kwa chown, amri ya kubadilisha mwenye faili.