Injini mpya haizoezwi kwa kutambaa

Mwezi uliopita kijana wa kijiwe kimoja cha bodaboda hapa Msamvu, Morogoro, alinisukumia pikipiki yake mpaka gerejini. Ina miezi mitatu tu barabarani, plastiki ya siti hajaitoa bado. "Fundi, chuma hiki kinakula oili. Kila wiki naongeza." Nikamuuliza bosi wake alikinunulia wapi. Dar es Salaam. Kilikujaje Morogoro, kwa lori? "Hapana, nilikuja nacho mwenyewe. Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu nilikuwa hapa nakunywa chai."

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Kutoka Dar mpaka Morogoro ni kilomita 190 hivi, na ukishaiacha Mlandizi barabara inafunguka. Kijana ana furaha, ndiyo pikipiki yake ya kwanza kukabidhiwa, resi iko mwisho hadi Chalinze na kuendelea. Nilipoitoa silinda nikakuta pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani yake, ina michirizi pande zote mbili, na ukuta wa silinda unang'aa kama kioo pale michirizi ilipopita. Injini ile iliumizwa siku yake ya kwanza, kabla haijabeba abiria hata mmoja.

Mwenzake aliyekuwa amesimama pembeni akatikisa kichwa: "Mimi yangu niliitembeza mwendo wa ishirini kwa saa mwezi mzima." Nikamwomba aiwashe. Ikatoa moshi wa bluu, mwembamba lakini haukatiki. Wote wawili walikuwa wameambiwa kwamba injini mpya inahitaji uangalifu. Hakuna aliyewaeleza ndani ya injini kunatokea nini, na bila kulijua hilo mtu hawezi kujua uangalifu wenyewe ni upi.

Ukuta wa silinda mpya si laini. Kiwandani husuguliwa kwa jiwe makusudi, ubaki na mistari myembamba ya mshazari inayokatana kama nyuzi za wavu. Mabonde ya mistari hiyo hushika oili. Vilele vyake huisaga ringi, ile pete ya chuma inayoizunguka pistoni, na ringi nayo huvisaga, mpaka viwili hivi vikafanana umbo. Hapo ndipo mafundi tunasema ringi zimekaa. Zikikaa, nguvu ya mlipuko haivuji kwenda chini na oili haipandi juu kuungua. Kazi hiyo hufanyika mapema, sehemu kubwa ndani ya kilomita mia chache za mwanzo. Ukiikosa, huipati tena mpaka silinda ifunguliwe na kusuguliwa upya.

Sasa, ni nini kinachoibana ringi ukutani? Wengi hudhani ni mkazo wa chuma chake. Mkazo upo, ila ni mdogo. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukiwaka, gesi hupenya nyuma ya ringi ya juu na kuisukuma nje, na hiyo ndiyo nguvu kubwa. Ukivuta resi kidogo sana, gesi ni kidogo, ringi inaelea juu ya oili bila kusaga chochote. Oili ile inaungua polepole ukutani, inaacha utando mgumu wa kahawia kama vanishi, na mabonde yanajaa. Ndilo lililomkuta bwana wa ishirini. Ndilo pia linaloikuta pikipiki inayoachwa inanguruma saa nzima mlangoni mwa duka eti ipate moto.

Upande wa pili kuna joto. Pistoni ni ya alumini, na silinda za pikipiki zetu nyingi zina ukuta wa chuma cha kumimina. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Chukua injini ya CG 125, ile Honda waliyoitoa mwaka 1976 na ambayo viwanda vingi vya China vimeiiga mpaka leo. Pistoni yake ina upana wa milimita 56.5 na husafiri milimita 49.5. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 100 kila sekunde, na cha kuipoza ni upepo na oili tu. Nafasi kati yake na ukuta ni sehemu chache za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele. Vyuma vikiwa vipya msuguano ni mkubwa, kwa hiyo joto nalo ni kubwa kuliko litakavyokuwa baadaye. Shikilia resi mwisho kwa nusu saa bila kupumzisha, nafasi ile inaisha, oili inafinywa nje, chuma kinagusa chuma.

Kwa hiyo ringi inataka mzigo ili ikae, na pistoni inataka kupumzika ili isishike. Jibu la yote mawili ni kubadilisha mwendo. Vuta resi mpaka nusu, au kidogo zaidi ya nusu, kwa sekunde chache, halafu achia iporomoke yenyewe huku injini ikiizuia. Panda gia, shuka gia. Njia za mjini zenye vituo na vilima vidogo ni shule nzuri kuliko barabara kuu iliyonyooka. Kijana aliyetoka Dar angeweza hata kuja nayo, lau angesimama kila baada ya dakika ishirini, akabadilisha mwendo njia nzima, na kukubali kufika saa saba mchana. Mimi bado ningemshauri aipandishe lori.

Kosa linaloniuma zaidi ni gia kubwa kwenye mlima. Mtu kaambiwa asiinguruze injini mpya, basi anapandisha barabara ya Mgeta akiwa gia ya nne, injini inagonga na kutetemeka, yeye anaona anaihurumia. Pale mzigo juu ya pistoni ni mkubwa, oili inazunguka kidogo, upepo wa kupoza hakuna. Shusha gia. Mlio wa juu kidogo hauiui injini mpya. Kulazimishwa ndiko kunakoiua. Mishikaki ya abiria na magunia ya mkaa navyo visubiri mpaka kilomita 500 zipite.

Vitabu vya watengenezaji havifanani. Honda kwa kawaida wanataka kilomita 500 za kwanza uepuke kuondoka kwa resi kamili na kuongeza mwendo ghafla. Yamaha wamezoea kuhesabu mpaka 1,000, kisha oili na chujio vibadilishwe. Soma cha pikipiki yako. Kwangu mimi oili ya kwanza naimwaga mapema kuliko kitabu, kati ya kilomita 300 na 500, na sijawahi kujuta. Imwage kwenye beseni safi uiangalie juani: utaona inameta kama rangi ya fedha. Hizo ni chembe za ringi, silinda na gia zilizosagana. Injini za aina ya CG hazina chujio la karatasi, zina wavu na kikombe kinachotupa uchafu pembeni kwa mzunguko, na chembe ndogo sana hubaki zinatembea na oili.

Oili yenyewe iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili za pikipiki, kwenye chupa. Klachi zetu zinaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa za kupunguza msuguano zinazofanya pleti za klachi ziteleze. Na wazee wangu, naomba mnisamehe: ile desturi ya kutia oili kwenye tanki la petroli ilikuwa ya injini za stroki mbili, zinazolainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Kwenye stroki nne kama hizi zetu inachafua plagi tu.

Gumu kuliko yote ni hesabu, yaani pesa ambayo dereva humpelekea mwenye pikipiki. Dereva wa mkataba akikabidhiwa pikipiki leo, kesho jioni bosi anangoja pesa. Nani atatembea bila mzigo? Kwa hiyo wakati mwingine namtafuta mwenye mali mwenyewe. Pikipiki ya kijana huyu nilikuwa nimeshaichonga silinda saizi ya 0.25, yaani pana zaidi kwa robo milimita, pistoni mpya, ringi mpya, maana yake kuzoeza kunaanza upya kabisa. Hilo watu hawalijui. Wanadhani injini iliyofunguliwa ni ya zamani, inatoka gerejini na kupakia siku hiyohiyo. Nikampigia bosi wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Imepona?"

"Imepona, ila ni kama mtoto aliyezaliwa jana. Naomba wiki moja asibebe zaidi ya abiria mmoja, na hesabu umpunguzie nusu."

Akanyamaza. Nikamwambia gharama ya pistoni, ringi na kuchonga aliyolipa juzi ni sawa na hesabu ya wiki ngapi. Akasema, "Wiki moja tu."

Imetosha. Nimemwagiza kijana aje akikaribia kilomita 500, na akija sitaishia kwenye oili. Nitapima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, kwa sababu hubadilika zinapokaa. Kwenye CG ni milimita 0.08. Nitakaza mnyororo na spoku, navyo hulegea mwanzoni, na nitazipitia bolti zote, kwani pikipiki hizi huingia nchini kwenye makasha na kuunganishwa hapahapa.

Jana jioni alipita, hakuzima hata injini. Moshi hakuna. Tangu silinda ichongwe ametembea kilomita 460. Nimemwambia aje kesho alfajiri kabla hajaingia kijiweni, injini ikiwa bado baridi.