Jora la merikani na Marekani iliyolifuma

Kila muhula mpya nawauliza wanafunzi wangu: historia ya Marekani tuianzie wapi? Majibu nayajua kabla hawajafungua midomo. Columbus, 1492. Meli ya Mayflower, 1620. Tarehe 4 Julai 1776. Walioangalia sinema nyingi watakutajia Lincoln na ndevu zake. Hakuna aliyekosea. Ila mimi siku hiyo huwa nimebeba kitambaa mkobani, nakitandaza mezani na kuuliza tena: na hiki mnakiitaje?

Ni kitambaa cha pamba tupu, kizito kidogo, hakijapaushwa wala kutiwa rangi, cheupe cha kufifia kama unga wa mtama. Ukikivuta hakinyooki, na ukikifua kinalainika badala ya kulegea. Vijana wa mjini hubahatisha: shuka la gesti? bitana? Mara moja moja hutokea aliyelelewa na bibi, naye husema kama anayeshangaa kuulizwa, "Si merikani hii, mwalimu?"

Ndiyo. Na hapo ndipo ninapopenda kuanzia, kwa sababu sijaona kitu kingine kinachoiunganisha Marekani ya karne ya 19, Kusini na Kaskazini yake, mtumwa na tajiri wake, vizuri kuliko jora hili. Tena lilifika kwetu.

Tuanze shambani. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mtambo wa kuchambua pamba. Kabla yake, mtu akikaa kutwa nzima kutoa mbegu kwa vidole alipata ratili moja hivi ya pamba safi. Mtambo mdogo wa kuzungushwa kwa mkono ulitoa hamsini. Ungedhani mashine ya kupunguza kazi ingepunguza na watumwa. Ikawa kinyume. Kuchambua kulirahisishwa, kuchuma hakukurahisishwa, na sasa kila mwenye ardhi alitaka kulima pamba. Watumwa waliohesabiwa mwaka 1790 walikuwa karibu 700,000. Mwaka 1860 walikaribia milioni 4, ingawa kuingiza watumwa wapya kutoka ng'ambo kulipigwa marufuku tangu 1808. Biashara ilihamia ndani: watu wapatao milioni moja walihamishwa kutoka majimbo kama Virginia na Maryland, wengi wao kwa kuuzwa, wakapelekwa Alabama, Mississippi na Louisiana. Mume huku, mke kule. Wanafunzi wangu wanaoijua njia ya kwenda Bagamoyo huwa hawahitaji maelezo marefu hapa.

Pamba ile ilipanda merikebu kwenda Uingereza, na nyingine ilikwenda Kaskazini, Massachusetts, kwenye mji wa Lowell. Wafanyabiashara wa Boston waliujenga katika miaka ya 1820 kando ya mto Merrimack ili maporomoko yake yazungushe mitambo. Waliofanya kazi humo walikuwa hasa mabinti wa wakulima wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, wanaolala kwenye mabweni ya kampuni, wakiamshwa na kengele na kusimama mbele ya vitanda vya kufumia zaidi ya saa 12 kwa siku. Mwaka 1834 walipopunguziwa ujira waligoma, na mwaka 1836 wakagoma tena. Walijiita mabinti wa watu huru, wakaapa kwamba hawatafanywa watumwa. Mikononi mwao, wakati huohuo, ulipita uzi wa pamba iliyochumwa na watumwa wenyewe.

Tena kuna hili, ambalo mimi binafsi lilinichukua miaka kulielewa: nguo duni zilizofumwa viwandani kule zilirudishwa Kusini kuwavika walewale walioichuma pamba, na wao wakaziita "lowell", kwa jina la mji. Kwa hiyo mchumaji wa Mississippi alivaa lowell, na mpagazi wa Unyamwezi alivaa merikani. Kila mmoja aliita nguo yake kwa jina la ilikotoka, na wote wawili hawakuwahi kupaona.

Ilifikaje huku? Kwa mji mdogo wa bandari uitwao Salem, hauko mbali na Lowell. Watu wa Salem waliposhindwa kushindana na Boston na New York katika njia kubwa za biashara, walitafuta pembe ambazo wakubwa hawakuzijali. Katika miaka ya 1820 merikebu zao zikaanza kuonekana Unguja. Mfanyabiashara mmoja wa New Hampshire, Edmund Roberts, alikuja akakwazwa na taratibu za forodha, akamlalamikia Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Naye Said, aliyekuwa na macho ya kibiashara kuliko wafalme wengi, akaona nafasi. Tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ulitiwa saini Muscat: Wamarekani wataingia bandari zake zote, watalipa ushuru wa asilimia 5 kwa shehena wanayoteremsha, na watauza kwa yeyote wamtakaye, isipokuwa bunduki, baruti na risasi, ambazo Unguja zitauzwa kwa serikali peke yake. Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839. Waliotangulia walikuwa Wamarekani, jambo linalowashangaza watu kila nikilisema.

Konseli wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja mwaka 1837. Ni mtu wa kumtazama kwa makini. Alikuwa mcha Mungu, na katika shajara yake utumwa ulimchukiza. Lakini ukonseli ulikuwa hauna mshahara. Aliishi kwa biashara, na biashara yake ilitegemea kuelewana na Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyekodi forodha yote ya Sultani. Wawili hao walishikana mikono kiasi kwamba wafanyabiashara wengine, Wamarekani wenzake wakiwemo, walilalamika hawapati pa kupenya. Sisemi alikuwa mnafiki. Nasema alikuwa mtu wa New England wa zama zake, na ukimwelewa yeye umeielewa nusu ya Kaskazini: walichukia utumwa kwa moyo na wakauvaa mwilini.

Mwaka 1840 Said alijibu ziara. Meli yake, Sultana, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kutia nanga New York mwishoni mwa Aprili, mjumbe akiwa Ahmad bin Na'aman. Watu walimiminika gatini kuwaona mabaharia waliovaa vilemba. Kulikuwa na zawadi kwa Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali, zulia, upanga wa dhahabu. Hapo ikaanza fedheha ya adabu. Katiba ya Marekani inamkataza mwenye cheo kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni bila idhini ya Bunge, na kwa desturi zetu kumrudishia mtu zawadi ni kumtukana. Bunge likajadili, mwishowe likaruhusu zipokelewe kwa niaba ya taifa, na farasi wakapigwa mnada. Kwa upande mwingine serikali iliitengeneza Sultana bure kwenye karakana ya jeshi la majini, Brooklyn, na Agosti ikaondoka na vitambaa, shanga, baruti na bunduki.

Majora yalipofika Unguja hayakukaa. Yalivuka kwenda mrima, yaani pwani ya bara, yakafungwa mizigo ya frasila mbili hivi (frasila moja ni karibu kilo 16), yakapanda mabegani mwa wapagazi kuelekea Tabora na Ujiji. Bara merikani ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne shuka, mikono minane doti. Unaweza kukisia kila upande ulimchagua mtu wa mikono ya namna gani kwenda kupima. Kwa doti ulinunua chakula, ukalipa ujira, na ukatoa hongo kwa mtemi ili upite nchini kwake. Hongo wakati ule ilikuwa ada ya njia, inayojadiliwa mchana kweupe. Maana tunayoijua leo ilikuja baadaye. Watu waliipenda merikani kwa sababu ilidumu, na ilikuwa vigumu kuwadanganya. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kuiiga, lakini mnunuzi wa bara aliipapasa tu akajua.

Kilichorudi Salem kilikuwa sandarusi, ngozi, karafuu na pembe za ndovu. Sandarusi, utomvu wa miti ulioganda zamani, ilichimbwa ardhini mrima, ikaoshwa magadi hadi vipele vidogo vikatokea juu yake kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, kisha ikayeyushwa kuwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Pembe zilikwenda zaidi Connecticut, kwenye vijiji viwili vya Deep River na Ivoryton. Huko zilikatwa vipande vyembamba, vikapangwa kwenye nyumba ndefu za vioo, vikaachwa juani wiki kadhaa hadi viwe vyeupe sawasawa, tayari kubandikwa kwenye vibao vya piano. Mmoja wa wenye kiwanda cha Deep River, George Read, alikuwa mpinga utumwa wa wazi aliyewasaidia watumwa watoro kutoka Kusini. Sina sababu ya kutilia shaka ujasiri wake. Pembe alizozinunua zilibebwa na nani ni swali jingine, na jibu lake si rahisi kama picha za vitabuni: wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa ujira waliojivunia kazi yao, na wengine njiani walikuwa watumwa kweli.

Kisha, Aprili 1861, mizinga ikalia Fort Sumter, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini vikaanza, na Rais Lincoln akaziwekea mzingiro bandari za Kusini. Pamba ikakauka, viwanda vya New England vikasimama au vikapunguza kazi, na bei ya merikani Unguja ikapanda hadi wafanyabiashara wakatafuta pengine. Vita vilikwisha 1865, marekebisho ya 13 ya Katiba yakaufuta utumwa Desemba mwaka huohuo, na jora la Massachusetts likarudi sokoni. Lakini Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na viwanda vya Bombay, vilivyo karibu zaidi na vyenye wenyeji wao tayari Forodhani, vikajifunza kufuma kitambaa kilekile. Taratibu vikalichukua soko. Wamarekani wakabaki wanatuletea mafuta ya taa.

Kile kitambaa changu cha darasani kilichakaa mwaka jana, ikabidi niende Kariakoo kutafuta kingine. Mwenye duka alikuwa mzee mwenye futi ya utepe shingoni. Nikamwambia nataka merikani, si hizi zilizochanganywa na nailoni. Akapanda kigazi, akateremsha jora, akalipiga kofi vumbi likatoka.

"Hii ndiyo merikani yenyewe, baba," akasema. "Orijino. Ya India."

Nikamwambia anikatie mita tatu.