Sainasi imekukaba? Kabla hujachanganya dawa, soma hapa kwanza

Swali: Dokta, uso unauma hapa juu ya macho, pua imeziba, nimemeza Panadol mbili sioni nafuu. Naweza kuongezea dawa ya mafua?

Geuza kwanza paketi ya hiyo dawa ya mafua usome yale maandishi madogo ya nyuma. Nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya dawa huku kwetu zina paracetamol, ambayo ndo hiyo hiyo Panadol, humo humo, imewekwa pamoja na chlorpheniramine, ambayo ndo hiyo hiyo Piriton, na dawa ya kuzibua pua kama phenylephrine, zingine wanaongeza na kafeini. Sasa wewe umeshameza Panadol mbili, ukiongeza mbili za mafua zenye 500 mg kila moja tayari umemeza gramu 2 za paracetamol kwa mkupuo, na mtu mzima mwisho wake ni gramu 4 kwa masaa 24, yaani vidonge 8 vya 500 mg, tena dozi na dozi zipishane angalau masaa 4. Jioni jirani anakupa Diclopar, nayo ina diclofenac NA paracetamol. Majina matatu, rangi tatu, dawa ile ile. Na ini likianza kuumia halikwambii siku hiyo, unaweza kuwa unajisikia poa tu. Mnywaji wa pombe awe makini zaidi, huyo asifike hata huko kwenye 4.

Swali: Basi nini kinaenda na nini?

Paracetamol na ibuprofen zinaenda pamoja vizuri tu, zinafanya kazi kwa njia tofauti. Ibuprofen 200 hadi 400 mg mara tatu kwa siku, umeshakula, na kama hujaandikiwa na daktari usivuke 1200 mg kwa siku. Ambacho hakiendi ni ibuprofen na ndugu zake: diclofenac, meloxicam, aspirini. Ukichanganya hao maumivu hayapungui mara mbili, tumbo ndo linaumia mara mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo, mjamzito, na mwenye pumu ambaye akimeza aspirini kifua kinabana, nyie bakini na paracetamol.

Swali: Mama yangu ana presha, anatumia losartan na ile ya kukojoa. Nimpe nini?

Afadhali umeuliza, maana huyu ndo mgonjwa anayeumizwa na dawa za mafua bila mtu kujua. Dawa za kuzibua pua, hasa pseudoephedrine, zinabana mishipa ya damu, pua inafunguka ila presha inapanda. Halafu losartan, dawa ya kukojoa na ibuprofen zikikutana kwa mtu mmoja figo zinaelemewa, na kwa mtu mzima anayekula kidogo na kunywa maji kidogo kwa sababu anaumwa ndo mbaya zaidi. Mama mpe paracetamol na maji ya chumvi ya puani. Basi. Na hiyo phenylephrine ya kidonge wala usiisikitikie, mwaka 2023 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa kule Marekani, lilikaa likakubaliana kwamba ukiimeza haizibui pua, na Novemba 2024 FDA wenyewe wakapendekeza iondolewe kwenye dawa za kumeza za mafua. Huku bado tunainunua kwa hela yetu.

Swali: Matone kama Otrivin je? Yananisaidia sana, natumia kila siku.

Hapo kwenye kila siku ndo penye tatizo. Siku 3 hadi 5, acha. Ukiendelea pua inazoea, dawa ikiisha nguvu inaziba kuliko mwanzo, unaweka tena, inaziba tena, na kuna watu wanatembea na kichupa mfukoni miezi wakidhani sainasi haiponi kumbe ni matone yenyewe. Ukitumia matone usimeze na kidonge cha kuzibua pua.

Swali: Kusafisha pua kwa maji ya chumvi, maji ya bomba yanafaa?

Hapana. Chemsha, yaache yapoe. Kuna amiba anaitwa Naegleria fowleri, ni nadra sana lakini akiingia kwa njia ya pua anapanda hadi kwenye ubongo, na Karachi, Pakistani, ameshaua watu. Kama umeandikiwa dawa ya steroidi ya kupulizia, mfano fluticasone, safisha pua kwanza ndo upulize, ukifanya kinyume unaiosha dawa. Hiyo inachukua siku kadhaa kufanya kazi, usiitupe kesho.

Swali: Piriton na cetirizine pamoja?

Chagua moja. Zote ni za aleji, na Piriton inaleta usingizi, dereva wa bodaboda naomba uiache mpaka umepaki. Na usinywee pombe.

Swali: Si ninunue tu Azuma, ile antibayotiki, niimalize hii sainasi?

Sainasi nyingi zinaletwa na virusi, antibayotiki haziwagusi, na kamasi kuwa la njano au kijani peke yake sio ushahidi wa bakteria. Muone daktari kama siku 10 zimepita huoni nafuu, au ulishaanza kupona halafu ikarudi kwa kasi, au una homa ya 39 na kamasi zito na uso unauma siku 3 mfululizo. Ila jicho likivimba, ukaona vitu viwili viwili, shingo ikakaza au mtu akaanza kuongea vitu havieleweki, hapo sio duka la dawa tena, ni hospitali usiku huo huo, na beba paketi zote ulizomeza wazione.