Utando wa seli: kwa nini ORS ina sukari, na kwa nini sabuni huvunja virusi

Utando wa seli ni nini hasa?

Ni tabaka mbili za mafuta aina ya fosfolipidi zinazozunguka kila seli. Unene wake wote ni kama nanomita 5 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), mwembamba mno kupimika kwa darubini ya kawaida ya maabara. Kila fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, hivyo vichwa hutazama nje na ndani ya seli, mikia ikajificha katikati. Oksijeni hupita hapo bila shida. Chumvi na sukari hazipiti mpaka zifunguliwe mlango, na milango yenyewe ni protini zilizochomekwa kwenye utando.

Sasa kwa nini ORS, unga wa chumvi unaoyeyushwa kwenye maji na kunywewa, ina sukari? Si ni dawa ya kuharisha?

Kwenye utando wa seli za utumbo mwembamba kuna mlango uitwao SGLT1. Hauvushi sodiamu (iliyomo kwenye chumvi) peke yake wala glukosi (aina ya sukari) peke yake. Unataka zote kwa pamoja, sodiamu mbili kwa glukosi moja. Zikiingia, maji huzifuata. Ukiondoa sukari, mlango huo haufunguki.

Sumu ya kipindupindu hulazimisha seli za utumbo kumwaga kloridi (nayo imo kwenye chumvi) na maji kwa wingi, lakini SGLT1 huendelea kufanya kazi. Mgonjwa anaweza kuwa bado anaharisha na papo hapo maji yanaingia mwilini. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaona choo hakijakatika, wanasema ORS haisaidii, wanaacha kumpa. ORS haifungi tumbo, inarudisha maji na chumvi. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, dripu zilipopungua, Dkt. Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko wa namna hii wanywe, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 hadi chini ya 4 katika kila wagonjwa 100.

Pakiti ya ORS ikikosekana?

Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai. Sawazisha vijiko kwa kisu, usijaze vilima. Onja kabla ya kumpa: isizidi chumvi ya machozi, ikizidi, mwaga uanze upya. Chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Sukari nyingi nayo huvuta maji kutoka mwilini kuja utumboni, na kuharisha kunazidi, ndiyo sababu soda na juisi za dukani hazifai. Mchanganyiko wa nyumbani hauna potasiamu, kwa hiyo endelea kutafuta pakiti. Ukiipata, soma maandishi yake: zipo za lita 1 na za nusu lita.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha; wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Akilegea, macho yakididimia, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Sabuni inahusianaje na mafuta haya?

Virusi vya korona, mafua na Ebola vimevikwa utando wa mafuta vilioubeba kutoka kwenye seli vilimotokea. Molekuli ya sabuni nayo ina kichwa na mkia. Mkia hujipenyeza kwenye mafuta hayo, utando unapasuka, kirusi hakiwezi tena kuambukiza. Hilo linahitaji muda, ndiyo maana tunasema sugua sekunde 20, pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha.

Kitakasa mikono chenye alkoholi ya angalau asilimia 60 huvunja utando huo pia. Lakini virusi vya polio, noro na homa ya ini A havina utando wa mafuta, na alkoholi huvisumbua kidogo tu. Ukitoka chooni au ukishabadilisha nepi, tumia sabuni na maji yanayotiririka: hata visipokufa, vinang'oka na kwenda na maji.

Mbona fangasi haiponi kwa antibayotiki?

Penisilini hushambulia ukuta wa bakteria, na fangasi hana ukuta wa aina hiyo. Dawa nyingi za fangasi hulenga ergosteroli, mafuta yaliyomo kwenye utando wake. Sisi badala yake tuna lehemu, yaani kolesteroli (ndiyo, ileile inayosemwa vibaya, bila hiyo utando wa seli zako hauna uimara), kwa hiyo dawa humbana fangasi kuliko inavyotubana sisi. Klotrimazoli, dawa ya fangasi ya kupaka, hukata utengenezaji wa ergosteroli. Endelea kupaka wiki 2 baada ya alama kupotea, maana fangasi waliobaki hujenga utando upya. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi (dawa za kupunguza uvimbe na muwasho) zinaweza kutuliza muwasho huku fangasi akiendelea kusambaa.