Mlio wa mgongoni si diski iliyorudi mahali pake

Siatika si jina jingine la maumivu ya mgongo, wala si "mshipa" ulioingiwa na baridi. Ni maumivu ya mguu ambayo chanzo chake kiko mgongoni. Neva ya siatiki, nene kuliko neva zote mwilini, huundwa na mizizi itokayo sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ikapita makalioni na kuteremka nyuma ya paja; mzizi mmoja ukibanwa na kuvimba, mtu huhisi moto au ganzi ikimshuka hadi unyayoni, kwa kawaida upande mmoja, na huenda kiuno chenyewe kisimuume hata kidogo. Kinachobana mara nyingi ni diski (ule mto ulio kati ya pingili mbili za uti) iliyopasuka, jambo ambalo madaktari William Mixter na Joseph Barr wa Boston walilithibitisha mwaka 1934. Kwa wazee, huwa ni mfereji wa uti uliopungua upana.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba tabibu wa kiropraktiki, yaani tiba ya kunyoosha uti kwa mikono, akiukandamiza mgongo ukalia, diski imerudi. Tiba hii ilianzishwa mwaka 1895 na D. D. Palmer huko Davenport, Iowa, aliyeamini kwamba karibu kila ugonjwa hutokana na pingili zilizohama, na mwangwi wa imani hiyo ungali unasikika katika vyumba vya tiba. Lakini mlio ule ni wa gesi katika majimaji ya viungo vidogo vilivyo nyuma ya uti, ilhali diski iko mbele ya viungo hivyo, imeshikamana na pingili juu na chini, na haitelezi kama kisahani. Kilichotokea ni kwamba ute wa ndani umepenya kwenye ufa wa ukuta wake, na hakuna mkono unaoweza kuurudisha. Nafuu huja kweli, pengine kwa sababu misuli imelegea na maumivu yametulizwa kwa muda. Wakati huohuo mwili wenyewe huunyonya ute ule kidogo kidogo, kwa majuma au miezi. Basi sifa za uponyaji humwendea aliyekuwapo.

Hata hivyo, kusema kwamba kiropraktiki haifai kabisa ni kukosea upande wa pili. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa mwaka 2016, unaruhusu tiba ya mikono kwa wagonjwa wa namna hii, ila kwa sharti moja: iambatane na mazoezi. Anayekuuzia vikao 30 kwa malipo ya mkupuo bila kukufundisha zoezi hata moja, mimi nisingerudi kwake.

Kulala kitandani nako hakuharakishi kupona. Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa 183, wakachapisha matokeo mwaka 1999: baada ya majuma 12, asilimia 87 walikuwa na nafuu, walioambiwa walale kitandani majuma mawili na wasioambiwa hivyo sawasawa.

Wapo wasiopaswa kuguswa mgongo na mtu yeyote kabla ya kuonwa na daktari. Mgonjwa akipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, akishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu yote miwili ikilegea, mizizi ya mwisho wa uti inabanwa, na apelekwe hospitali usiku huohuo.