Mji Mkongwe wa Zanzibar: Yanayosimuliwa na Yaliyotokea

Mgeni mwenye siku moja ya kuutembelea Mji Mkongwe huanzia Forodhani, na hapo hukutana na dhana ya kwanza, kwamba Ngome Kongwe ilijengwa na Wareno. Wareno walijenga kanisa mahali hapo. Ngome yenyewe ni kazi ya Waarabu wa Omani, waliowafukuza mwishoni mwa karne ya 17, na mabaki ya kanisa hilo yangali yanaonekana katika ukuta wake.

Jumba la Beit el Ajaib nalo halikujengwa kuwa makazi ya sultani, kama wengi wanavyodhani. Sultani Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na mapokezi. Hata mnara wa saa, ulioporomoka pamoja na sehemu ya jengo Desemba 2020, uliongezwa baada ya mizinga ya Waingereza kuubomoa mnara wa taa uliokuwa mbele yake Agosti 1896.

Kuhusu misumari ya shaba milangoni, mapapasi, yaani vijana wanaowaongoza watalii mitaani, husema iliwekwa kuzuia tembo, katika kisiwa kisicho na tembo! Mtindo huo ulitoka Bara Hindi, na hapa ni pambo na ishara ya ukwasi.

Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, ndiko kwenye dhana nzito zaidi. Husemwa kwamba mmisionari David Livingstone ndiye aliyelifunga soko hilo, ilhali alifariki Mei 1873, na soko likafungwa Juni, Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Uingereza. Wala utumwa haukuishia hapo: sheria iliendelea kuutambua hadi amri ya 1897, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Ndani ya kanisa kuu la Anglikana lililojengwa mahali pa soko, duara la marumaru nyeupe mbele ya altare huonyesha mahali panaposemekana kuwa na mti wa kuchapia watumwa. Vile vyumba vya chini vilivyo karibu, ambavyo wageni huonyeshwa kuwa vya kufungia watumwa na ambamo mtu mzima hulazimika kuinama, vinahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wasiokubali kwamba watumwa waliwahi kufungiwa humo.

Kisiwani Changuu, gereza lililojengwa miaka ya 1890 halikutumika kama gereza, bali karantini. Kwa mwenye siku moja tu, ningeshauri boti ya huko isubiri safari nyingine, na saa hizo zitumike Mkunazini.