Mrija wa begi la maji: sugua kwanza, jiki baadaye

Kijana mmoja wa boda hapa Malindi alituletea ofisini begi lake la maji, lile la mgongoni lenye mrija wa kunyonyea. Alilipata mitumbani. Maji yalikuwa yakinuka, na jiki alikuwa ameshatia mara mbili. Tulipouinua mrija juani, vidoadoa vyeusi vilionekana toka mdomoni hadi katikati.

Vijidudu vilivyomo humo hujifunika kwa utando wa ute, kama ule utelezi unaouhisi kwa kidole ndani ya mtungi uliokaa na maji, na dawa huishia juu juu. Juisi ya ukwaju au dafu likipita humo, sukari huwa chakula chao, na joto letu hufanya yaliyobaki. Ndiyo maana kusugua hutangulia.

Brashi ndefu za kazi hii ni shida kuzipata, ila mshipi wa kuvulia haukosekani. Kata mshipi mnene, urefu mara tatu ya mrija. Funga nchani chubwi ndogo au nati inayopenya tundu, ambalo kwa kawaida ni milimita 6 hivi. Shika mrija wima, uiache ishuke. Kisha funga kipande chembamba cha fulana nyeupe kuukuu katikati ya mshipi, si mwishoni: kikikwama, utakivuta kirudi kilikotoka. Kiloweshe maji ya sabuni, vuta huku na huku. Cha kijana yule kilitoka cheusi kama masizi; cha nne ndicho kilichotoka safi.

Wengine hutumia njiti ya chelewa. Mimi siipendi. Hukwaruza mrija, na uchafu hupata pa kujificha.

Kipande cha mdomoni kivue, ukisugue ufa wake kwa mswaki wa zamani.

Sasa jiki isiyo na manukato: kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, nusu saa, kisha suuza kwa maji safi mpaka harufu iishe. Usiichanganye kamwe na ndimu wala siki. Hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Pitisha kitambaa kikavu, utundike mrija wima, ncha zote wazi.

Vidoa vilivyozama ndani ya mpira wenyewe havitoki, huo tupa. Na tafadhali, usiweke badala yake mpira wa petroli wa duka la spea, hata uwe mpya na uingie sawasawa. Haukutengenezwa kupitisha maji ya kunywa.